Masaa tisa ya gatini: kuielewa siku moja ya meli kisiwani Dominika

Binamu yangu anayeishi Texas alituma ratiba ya safari yake ya meli kwenye kundi la familia. Siku kumi, kutoka Florida na kurudi Florida. Katikati ya ratiba palikuwa na mstari mmoja tu: Roseau, Dominica, 08:00–17:00. Akauliza: hapo nifanye nini?

Majibu yakaja mbio. Shangazi akasema huko ndiko kwa merengue, ajifunze Kihispania kidogo. Kaka yetu mmoja, ambaye hajawahi kupanda chombo kirefu kuliko boti ya Zanzibar, akasema muda huo unatosha kukizunguka kisiwa mara mbili na kulala usingizi wa mchana. Wa tatu hakuandika neno. Alituma video, ile ya watu wanaotimua mbio gatini na mifuko ya plastiki mkononi huku meli ikijivuta taratibu na abiria wenzao wakiwashangilia kutoka roshani za juu.

Hakuna hata jibu moja lililomsaidia. Na kwa kuwa ndugu zetu wengi walioko Marekani na Kanada wamezipenda hizi safari siku hizi, na maswali ni yale yale, nimeona tulifumue jambo lenyewe kutoka mwanzo.

Dominika ipi?

Zipo nchi mbili. Jamhuri ya Dominika ni ile inayogawana kisiwa cha Hispaniola na Haiti. Mji mkuu wake ni Santo Domingo, watu wanaongea Kihispania, na merengue ya shangazi iko huko pamoja na mahoteli ya Punta Cana. Dominika yetu ya leo ni nchi nyingine kabisa: kisiwa kimoja chenye milima, kilichobanwa kati ya Guadeloupe upande wa kaskazini na Martinique upande wa kusini. Lugha rasmi ni Kiingereza, na majumbani watu wanazungumza Krioli yenye asili ya Kifaransa. Ndiyo maana utakutana na majina kama Roseau (litamke "Rozo") na Soufrière katika nchi iliyokuwa chini ya Uingereza hadi ilipopata uhuru tarehe 3 Novemba 1978. Wakazi wote ni kama 70,000 hivi. Uwanja wa Mkapa pale Dar es Salaam ungewameza karibu wote.

Wakatoliki miongoni mwetu wana njia rahisi ya kulikumbuka jina. Kanisani tunasema Dominika ya Matawi, Dominika ya Pasaka. Columbus alikiona kisiwa hiki siku ya Jumapili, tarehe 3 Novemba 1493, akakipa jina la siku hiyo. Wakalinago, wenyeji waliokuwapo kabla yake, walikuwa na jina lao tayari: Wai'tu kubuli, yaani "mwili wake ni mrefu". Ukikiona kutoka baharini asubuhi, mawingu yamekaa juu ya vilele, utakubali kwamba wao ndio waliokiangalia vizuri. Kuhusu matamshi, Mswahili amebahatika. Wageni wengi wa Kiingereza hukosea kwa kukaza silabi ya pili. Wenyeji hukaza ile ya "ni", kama vile tunavyolisoma sisi bila kufundishwa.

Meli ni basi la mikoani

Kuna maneno machache ambayo lazima tukubaliane maana yake.

Siku ya kituo ni siku ambayo meli ya kitalii inasimama mahali, abiria wanashuka, wanatembea, wanarudi, na meli inaendelea. Hakuna kulala huko. Meli ikifunga kamba kwenye gati, unashuka kwa ngazi na kukanyaga nchi kavu papo hapo. Ikitia nanga nje, unateremshwa kwa boti ndogo kwa mafungu, na hiyo foleni peke yake inaweza kula saa zima. Muda wa mwisho wa kupanda ni ule ambao kila abiria anapaswa kuwa ameshaingia, na ndio binamu alikuwa hajausikia kabisa. Kwa kawaida ni nusu saa kabla ya meli kuondoka, wakati mwingine zaidi. Zile 17:00 za kwenye ratiba ni saa ya kuondoka. Mlango unafungwa kabla yake.

Aliyewahi kusafiri na basi kutoka Arusha kwenda Dar anaijua falsafa yote hii. Basi linasimama njiani, kondakta anapaza sauti: "Dakika kumi, chimba dawa, chakula!" Wewe unaagiza chipsi kuku. Dakika ya tisa dereva ameshawasha injini. Kondakta akikuona hupo atauliza mara moja, mara mbili, kisha safari. Si kwamba anakuchukia. Ana abiria wengine hamsini na ratiba ya kufika.

Nahodha naye ana watu elfu tatu badala ya hamsini, ana bandari ya kesho iliyompangia saa ya kuingia, na ana rubani wa bandari aliyeitwa kuja kumtoa. (Rubani kwa maana yake ya zamani: neno hili lilikuwa la baharini kabla halijapanda ndege.) Kuchelewa kunamaanisha gharama na kuchoma mafuta zaidi usiku kucha ili kufidia muda.

Basi kwa nini meli ihangaike kusimama kwenye kisiwa kidogo? Kuna sababu iliyo wazi, kwamba watu wamelipa ili waone Karibiani. Nyingine inashangaza wengi. Meli nyingi za kitalii zinazotoka Florida zimesajiliwa nje ya Marekani, katika nchi kama Bahamas na Panama. Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inazuia meli za kigeni kufanya biashara ya kubeba abiria ndani ya Marekani tu, kwa hiyo safari inayoanzia na kuishia Florida inalazimika kugusa walau bandari moja ya nchi nyingine. Fikiria basi la namba za Kenya lililoruhusiwa kuleta abiria kutoka Nairobi hadi Arusha, lakini likiingia stendi haliruhusiwi kupigiwa debe la kwenda Moshi. Ni mantiki ile ile.

Je, ni kweli meli huwaacha watu? Ni kweli. Mwezi Machi 2024 abiria wanane wa meli moja ya kitalii waliachwa Sao Tome na Principe, hapa hapa Afrika, baada ya matembezi waliyojipangia wenyewe kuchelewa kurudi. Meli ilikuwa bado inaonekana imetia nanga. Boti ya walinzi wa pwani ikawapeleka hadi ubavuni mwake, wakakataliwa kupanda. Walizunguka nchi kadhaa za Afrika Magharibi wakiifukuza, wakaipata Dakar, Senegal, siku kadhaa baadaye.

Hapo ndipo inapokuja tofauti ya kununua matembezi kwenye meli na kujipangia mwenyewe. Ukinunua kwenye meli na gari likachelewa, meli hukusubiri, au kampuni inagharamia kukufikisha bandari inayofuata. Ukijipangia, hilo ni lako. Wengine hutoka hapo na hitimisho kwamba kujipangia ni ujinga. Sikubaliani nao. Kujipangia huwa nafuu zaidi, hela inamfikia dereva wa kisiwani moja kwa moja, na unakwenda kwa mwendo wako. Kinachotakiwa ni kujua kuhesabu.

Hesabu ya kurudi nyuma

Ratiba inasema saa 2:00 asubuhi hadi saa 11:00 jioni. Masaa tisa. (Wanaokerwa na neno "masaa" wanisamehe, sitaki tuchanganye muda huu na saa tisa ya alasiri.) Kosa la karibu kila mtu ni kuanza kuhesabu kutoka asubuhi: tutashuka, tutakwenda hapa, kisha pale, kisha kule. Hesabu hiyo haina breki. Anza jioni, urudi nyuma.

Meli inaondoka saa 11:00. Muda wa mwisho wa kupanda ni saa 10:30. Toa saa moja ya akiba kwa ajili ya pancha, mvua, lori lililokwama kwenye kona, au mwenzako aliyeona duka. Sasa unatakiwa uwe umeshafika getini saa 9:30 alasiri. Geukia asubuhi. Meli kufika saa 2:00 si sawa na wewe kushuka saa 2:00: kamba zifungwe, maofisa wa bandari waipe meli ruhusa, watu elfu tatu wagombee lifti. Sema unakanyaga nchi kavu saa 2:45. Kutoka 2:45 hadi 9:30 ni masaa sita na dakika arobaini na tano. Humo humo kuna kupatana na dereva, kula, na kutafuta choo. Yale masaa tisa yamekuwa sita, tena ya kubana.

Halafu kuna suala la saa yenyewe, ambalo limewaponza watu wenye akili timamu. Dominika haibadilishi saa mwaka mzima: iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa masaa saba. Florida hubadilisha. Wakati wa baridi ya kule Marekani, karibu Novemba hadi Machi, Florida iko nyuma ya Dominika kwa saa moja. Miezi mingine zinalingana. Baadhi ya meli husogeza saa zao zifuate kila kisiwa, nyingine hubaki na saa ya zilikotoka. Simu yako haijui habari hizo. Ukishuka, inashika mtandao wa kisiwani na kujirekebisha bila kukuambia. Kama meli imebaki na saa ya Florida, Dominika haitakudhuru sana: simu itaonyesha umechelewa kumbe una saa nzima mkononi. Lakini kwenye bandari iliyo magharibi zaidi ya saa ya meli, mambo yanageuka. Simu inasema una saa moja, na meli inang'oa nanga. Vaa saa ya mkononi. Ilinganishe na saa ya melini kabla ya kushuka, na usiiguse tena hadi urudi.

Kidogo kwenye ramani

Sasa turudi kwa kaka yetu wa kuzunguka kisiwa mara mbili. Dominika ina ukubwa wa kilomita za mraba 751. Ni ndogo kuliko Pemba. Kutoka ncha hadi ncha haifiki kilomita hamsini. Kwa nini basi isizungukike kwa siku?

Kwa sababu imesimama wima. Mlima wake mrefu kuliko yote, Morne Diablotins, una mita 1,447, na unatoka karibu na ufukwe kwenda juu bila kuomba ruhusa. Barabara zinafuata mabonde na kingo za milima. Anayeijua njia ya kutoka Mombo kupanda Lushoto, zile kona ambazo dereva anapiga honi kabla hajaona kilicho mbele, avute picha kichwani ya nchi nzima ya namna hiyo. Hapo kilomita hazikuambii kitu. Muulize dereva dakika, na akikwambia dakika arobaini, andika saa moja.

Mvua nayo ina makao yake kule milimani. Roseau upande wa magharibi inaweza kuwa na jua kali huku kilomita kumi ndani ya nchi pananyesha. Wenyeji hupenda kusema wana mito 365, mmoja kwa kila siku ya mwaka. Sijakutana na aliyeihesabu, ila ukitembea huko hutaona haja ya kubishana.

Na uzushi mwingine ufe hapa hapa: Karibiani yote si mchanga mweupe na minazi iliyoinama. Kisiwa hiki ni zao la volkano. Fukwe zake nyingi ni za mchanga mweusi au mawe. Anayetaka kulala kwenye mchanga mweupe siku nzima, ratiba yake ina visiwa vingine vya kazi hiyo. Aje Dominika kwa ajili ya misitu, maji ya moto na maporomoko.

Chagua kimoja, na kingine kiwe cha karibu

Kanuni ninayomwambia kila mtu ni kwamba uanze mbali, umalizie karibu. Asubuhi muda ni mwingi na makosa yanarekebishika. Alasiri unatakiwa uwe mahali ambapo hata gari likiharibika unaweza kurudi kwa miguu.

Kabla ya hapo, uliza gati lipi. Mara nyingi meli hufunga katikati ya Roseau, ukivuka barabara umeingia mjini. Nyingine hupelekwa gati la mizigo la Woodbridge Bay, nje kidogo ya mji upande wa kaskazini. Na kuna gati la Cabrits, karibu na mji wa Portsmouth, mbali kabisa kaskazini, ambako mipango yote ya Roseau inakufa. Ukishushwa Cabrits usihuzunike. Juu yako ipo ngome ya Fort Shirley, ambako mwaka 1802 askari Waafrika wa kikosi cha nane cha West India, watumwa waliovalishwa sare za Mwingereza, waliasi na kuiteka. Uasi ulizimwa kwa damu, lakini mwaka 1807 askari watumwa wote wa jeshi la Uingereza walifanywa huru. Mwafrika aliyefika pale na kukimbilia duka la fulana amepoteza siku.

Kwa aliyefunga Roseau, sehemu ya "mbali" inayofaa ni bonde la Roseau lenyewe. Maporomoko ya Trafalgar ni mawili yaliyosimama jirani, yanayoitwa Baba na Mama. Kwa gari ni kama nusu saa, kisha unatembea robo saa hivi msituni hadi kwenye jukwaa la kuangalia. Karibu na hapo kuna Wotten Waven, kijiji chenye chemchemi za maji ya moto yenye salfa, ambako unajitumbukiza kwenye dimbwi na kutoka umelainika kama ndizi ya kuiva. Maji hayo yananuka kama yai viza, na vazi la kuogelea jeupe halitarudi jeupe. Ukitoka gatini saa 3:00 asubuhi, ukaona Trafalgar, ukaoga Wotten Waven, saa 7:00 mchana umesharudi mjini bila kukimbizana.

Anayependa bahari aende Champagne Reef, kusini mwa mji, karibu na kijiji cha Pointe Michel. Gesi ya volkano inapenya sakafu ya bahari na kutoa mapovu, kwa hiyo ukiogelea na miwani na mrija unajiona uko ndani ya glasi ya soda. Nyangumi wakubwa wa aina ya kashaloti huishi katika maji ya magharibi mwa kisiwa mwaka mzima, na mwishoni mwa 2023 serikali ilitangaza kuwatengea hifadhi. Boti za kwenda kuwaona huchukua masaa matatu au manne. Ukichagua nyangumi, hiyo ndiyo siku yako. Usibandike na maporomoko.

Kuna mambo mawili ambayo watu huyalazimisha na kujutia. La kwanza ni Ziwa Linalochemka, dimbwi la maji ya kijivu yanayotokota katikati ya hifadhi ya Morne Trois Pitons, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1997. Kwa miguu, kwenda na kurudi ni masaa sita au saba ya kupanda na kushuka kwenye matope na mvuke. Hesabu yetu ilitupa masaa sita na dakika arobaini na tano. Unaona mwenyewe. La pili ni eneo la Wakalinago upande wa mashariki, ardhi waliyotengewa mwaka 1903, wanakoishi watu kama elfu tatu wa jamii hiyo. Pale panastahili sana: utaona vikapu vyao vya larouma (aina ya matete) na mkate wa muhogo unaookwa mbele yako. Safari yake inavuka kisiwa, kwa hiyo inawezekana ikiwa ndiyo pekee na dereva ni mzoefu. Mwaka 2023 Mkalinago, Sylvanie Burton, aliapishwa kuwa rais wa nchi, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo. Kwenda kwao kwa dakika kumi za kupiga picha naona ni utovu wa adabu.

Fedha, nguo, chakula

Sarafu ya pale ni dola ya Karibiani Mashariki. Tangu 1976 imefungwa kwenye dola ya Marekani: moja ya Marekani ni 2.70 za kwao. Dola ya Marekani inapokelewa karibu kila mahali anakopita mtalii, na chenji hurudi kwa fedha ya kwao. Mtego uko kwenye neno "dola". Dereva akisema "hamsini", kama ni za kwao ni kama dola kumi na nane na nusu za Marekani, kama ni za Marekani ni karibu mara tatu yake. Wote wawili mnaweza kuwa wakweli na bado mkagombana mwisho wa safari. Uliza kabla hamjaondoka: hamsini zipi, za gari zima au za kila kichwa, za kwenda tu au na kurudi?

Nguo za rangi za kijeshi ziache melini. Ni kosa kwa raia kuzivaa Dominika, hata zikiwa kaptula ya mtoto. Mtanzania hapa hahitaji somo, maana kwetu nako magwanda si ya kuchezea.

Chakula ndicho kitakachokufanya ujihisi hukuondoka nyumbani. Watu wa kule wanakula magimbi, viazi vikuu, ndizi mbichi za kuchemsha na shelisheli. Mpemba akiwekewa sahani hiyo na kipande cha samaki atauliza nani alimwambia mpishi kwamba anakuja. Asubuhi kuna "bakes", vinyunga vya kukaanga ambavyo ni maandazi kwa jina jingine. Kula mjini, si kwenye meza za pale getini.

Vipeperushi vya utalii huusifu "utulivu" wa kisiwa hiki, lakini nao una masharti. Roseau ni mji wa watu kama elfu kumi na tano. Meli moja ya abiria elfu tatu inaongeza sehemu ya tano ya mji kwa asubuhi moja, na meli mbili zikija siku hiyo hiyo, maporomoko ya Trafalgar yanakuwa Kariakoo. Ratiba za meli za kila bandari zinapatikana mtandaoni. Angalia ni ngapi zinakuja siku yako. Zikiwa mbili, ama uwahi sana, ama usubiri misafara ya asubuhi irudi. Na kama siku yako ni Jumapili, utulivu utaupata kuliko ulivyotaka, kwa sababu maduka mengi yanakuwa yamefungwa.

Kwa mwenye pasipoti yetu

Video zile za wakimbiaji wa gatini mara nyingi ni za watu wenye pasipoti zinazofungua milango. Mmarekani akiachwa Dominika atakasirika, atalipa, atapanda ndege. Uwanja mkuu wa ndege uko kaskazini mashariki, zaidi ya saa moja kutoka Roseau kwa zile kona za Lushoto. Au atapanda feri kwenda Martinique au Guadeloupe. Mkenya, Mtanzania au Mganda anayejaribu njia hiyo ya feri anaingia Ufaransa, kwani visiwa hivyo ni sehemu ya Ufaransa, na viza ya kawaida ya Schengen haivifuniki moja kwa moja. Kwa hiyo ile saa moja ya akiba, wewe ifanye saa moja na nusu.

Kabla hata ya kulipia safari, angalia viza yako ya Marekani kama ni ya kuingia zaidi ya mara moja. Meli ikitoka Florida na kurudi Florida, umetoka Marekani na unaingia upya. Angalia pia masharti ya kila nchi iliyo kwenye ratiba kwa pasipoti yako, si ya mumeo wala ya rafiki yako mwenye uraia. Ukikosa karatasi moja, utazuiwa siku ya kwanza bandarini, na pesa hairudi. Ukishuka kisiwani beba kadi ya meli, kitambulisho chenye picha, nakala ya pasipoti, na namba ya simu ya wakala wa bandari. Namba hiyo huwa kwenye karatasi ya ratiba ya siku inayoletwa chumbani. Ukiona unachelewa, piga kabla ya muda kwisha.

Jambo la mwisho analotakiwa kulijua kila anayepanga: kituo si ahadi. Mkataba wa tiketi unampa nahodha haki ya kukiruka kisiwa kwa sababu ya upepo au mawimbi, na kinachorudishwa kwa kawaida ni ada za bandari na matembezi uliyonunua melini, basi. Dominika inakijua kilio cha hali ya hewa. Tarehe 18 Septemba 2017 kimbunga Maria kiliipiga kikiwa cha daraja la tano, la juu kabisa, na hasara iliyopigiwa hesabu ilizidi mara mbili ya pato lote la nchi kwa mwaka. Msimu wa vimbunga ni Juni hadi Novemba. Ukimlipa dereva wa kisiwani malipo ya awali, muulize kwanza atafanyaje meli isipotia nanga.

Binamu alinisomea mpango wake. Trafalgar asubuhi, maji ya moto, kurudi mjini kula. Akauliza alasiri iliyobaki aifanyie nini, bila gari, bila kiingilio kikubwa, karibu na meli. Nikamwambia aende bustani ya mimea ya Roseau, dakika kumi na tano kwa miguu kutoka gatini. Kuna mbuyu pale, mbuyu hasa, wa Afrika. Kimbunga David kilipopita Agosti 1979, mti huo uliangukia basi la shule, na kwa bahati halikuwa na mtu ndani. Basi halikutolewa. Limelala hadi leo chini ya shina, limebanwa likawa bapa kama chapati, na mbuyu ukachipua upya juu yake.

Amejibu kwa ujumbe mfupi: "Nimalizie mbuyuni, saa tisa na nusu niwe getini." Shangazi bado anauliza kuhusu merengue.